"Sì" ya Mtaliano na "si" yetu

(Haya niliyasema Malindi, mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya kutembeza wageni. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila kikohozi changu na simu zenu zilizolia nimeviacha nje.)

Wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango ili mpate njia ya kuchomoka: hamjambo. Itifaki tuichukulie kwamba imezingatiwa, maana jua linakwenda, na mimi nimekuja na neno moja tu. Wasemaji wengi wakisema "neno moja" hukaa saa mbili. Langu ni moja kweli, tena lina herufi mbili.

Nianze na samaki.

Miaka mingi nyuma nilikuwa nimesimama asubuhi pale wavuvi wanaposhusha, nangoja bei ipoe. Akaja mzee mmoja wa Kitaliano, mkazi wa hapa hapa, kofia ya ukindu kichwani na kikapu mkononi. Mzee yule alikuwa amejifundisha Kiswahili kwa bidii yake mwenyewe, jambo ambalo wenzake wengi hawajishughulishi nalo. Akainama, akamtazama kolekole mmoja machoni, akauliza kwa sauti ya darasani: "Samaki huyu wa leo?" Muuzaji, mtu mkweli, mcha Mungu, akamjibu: "Si wa leo, mzee." Mtaliano uso ukamchangamka. "Sì, wa leo! Bene, bene!" Akatoa pesa. Muuzaji akabaki na noti mkononi ananitazama mimi, kama anayetaka shahidi kwamba yeye kasema kweli. Mimi nilifahamu kilichotokea, na nikanyamaza. Kolekole akaingia kikapuni. Hilo la kunyamaza linanikera mpaka leo.

Basi neno langu ndilo hilo. Si yetu mnaijua, mmenyonya nayo: mimi si mwizi, sitaki, si kweli. Yao huandikwa na kialama juu ya i, sì, na ndiyo wanayoitumia kukubali. Sauti ni ile ile, mdomo unafunguka vile vile, ila yetu inafunga mlango na yao inaufungua. Mtaliano aliyejua neno "kweli" akikusikia unasema "Si kweli!" anadhani umeapa.

Na Malindi neno hili halikwepeki. Tangu miaka ya 1960, Wataliano walipojenga kituo chao cha kurushia roketi kule Ngomeni, juu ya majukwaa yaliyosimama baharini, lugha yao imekuwa ikitua hapa kila siku. Ni kutoka majukwaa yale, tarehe 12 Desemba 1970, iliporushwa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Wahandisi wale walifuatwa na wenye mahoteli, wenye mahoteli wakafuatwa na wapika piza, na sasa mtoto wa Malindi anajua kusema ciao kabla hajajua kufunga viatu. Lakini kulisema neno ni jambo moja, na kujua limetoka wapi ni jambo lingine.

Twendeni Roma ya zamani.

Mrumi wa kale, mwenye sheria zake na majeshi yake na barabara zilizonyooka kama uzi, hakuwa na neno la "ndiyo". Msicheke, ni kweli. Kilatini hakikuwa na neno moja maalumu la kukubalia. Ukimwuliza Mrumi Venisne?, yaani "Unakuja?", alikujibu Venio, "Nakuja." Alirudisha kitenzi kile kile, akamaliza. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. "Bibi, umekula?" "Nimekula." "Mvua imenyesha huko?" "Imenyesha." Sikumbuki bibi yule akipoteza ndiyo yake bure.

Pale Mrumi alipotaka kukata maneno, alikuwa na vijineno kadhaa vya kuchagua. Kulikuwa na ita, kulikuwa na certe, kulikuwa na etiam, na kulikuwa na sic. Hiki cha mwisho ndicho chetu leo. Sic maana yake ni "hivyo", "namna hiyo". Wasomaji wa magazeti ya Kizungu mmekiona kimewekwa kwenye mabano baada ya kosa la mtu: mwandishi anawaambia, "ndivyo alivyoandika mwenyewe, msinisingizie mimi." Ni sic ile ile ya Kilatini, haijabadilika hata nukta.

Sasa watu wa mitaani, ambao ndio hasa hukuza lugha, waliipenda sic kuliko ndugu zake. Ile sauti ya mwisho ikachakaa ikadondoka. Mtaliano akabaki na sì. Mhispania akabaki na sí. Mreno akaipitisha puani ikawa sim. Kwa hiyo mgeni wako akikuambia sì, ukichimba mizizi, hasemi "ndiyo". Anasema "hivyo": ni hivyo ulivyosema. Na sic ile ile ilijificha katika maneno mengine mnayoyasikia kila siku. Mtaliano ana così, Mhispania ana así, Mreno ana assim, na yote ni "hivyo". Mwulize Mtaliano aliyeamka na mafua, Come sta?, atakujibu così così. Sisi tungesema nini hapo? "Hivi hivi tu." Neno kwa neno, wala hakuna aliyemwibia mwenzake.

Na kabla hatujamcheka Mrumi kwa kukosa ndiyo, hebu tuipasue ndiyo yetu tuone ndani. Ni ndi- na -yo. Ni ndugu yake ndiye, ndicho, ndilo, ndipo, ndivyo. Ukisema "ndiye huyu" umemwonyesha mtu kidole. Ukisema "ndiyo" umeionyesha habari yenyewe kidole: hiyo, hasa hiyo. Na sisi pia tulitengeneza neno la kukubali kwa neno la kuonyeshea. Hapana nayo mnaijua: ha-pa-na, "mahali hapo hamna kitu". Yaani ukimwambia mtu "hapana" umempeleka mahali ukamwonyesha patupu. Naam tulikopa kwa Waarabu, na la vile vile. Wareno walifika Malindi mwaka 1498, baadaye wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa na kuikalia kwa zaidi ya miaka mia moja. Walituachia meza, leso, bendera na gereza. Sim yao waliondoka nayo. Ya kukubaliana nao hayakuwa mengi.

Nirudi Ulaya. Mnamo miaka ya 1303 mpaka 1305 hivi kulikuwa na Mtaliano mmoja aliyefukuzwa mji wake wa Florence, anazunguka uhamishoni, anakula mkate wa watu. Jina lake Dante. Alianza kuandika kitabu juu ya lugha za watu wa kawaida, na kwa kuwa alitaka wasomi wakisome, akakiandika kwa Kilatini. Hakukimaliza. Humo alijiuliza: hawa watu wa kusini mwa Ulaya, ambao lugha zao zinafanana kama watoto wa mama mmoja, niwatenge vipi? Hakutumia mipaka ya wafalme, wala milima. Aliwatenga kwa namna wanavyosema ndiyo. Wako wanaosema oc, akasema, wako wanaosema oïl, na wako wanaosema sì.

Mimi nalipenda wazo hili kuliko ramani zote nilizofundishwa shuleni. Hebu fikirini mtu angekuja kwetu akagawa watu hivyo. Huyu wa naam, huyu wa ndiyo, huyu wa ee, huyu wa kunyanyua nyusi bila kufungua kinywa. Wale wa nyusi tungewapata wapi? Kwangu nyumbani wapo wawili.

Tuwatazame hao wa oc na oïl kidogo, kwa sababu kisa chao kina uchungu wake. Zamani watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa waliposema ndiyo walitumia neno lingine la Kilatini, hoc, yaani "hilo". Wa kusini, Toulouse na Montpellier, wakalitamka oc na kuliacha hivyo. Wa kaskazini, upande wa Paris, wakaliunga na kiwakilishi. "Amefanya?" "Hilo, yeye." Hoc ille. "Umefanya?" "Hilo, mimi": o je. Kila nafsi na jibu lake! Kisha wakachoka kuhesabu nafsi, ile ya "yeye" ikawameza wote, ikawa oïl, na oïl ikasagika mpaka ikawa oui mnayoijua. Kwa hiyo Mfaransa wa leo akisema oui, hata akijisemea mwenyewe, ndani yake kuna "hilo, yeye". Amebeba mtu wa tatu mdomoni na hajui.

Wa oc walikuwa na washairi waliosifika mpaka Italia. Dante mwenyewe aliwahusudu kiasi cha kumpa mmoja wao, Arnaut Daniel, mistari ya kusema kwa lugha yake ya oc ndani ya utenzi wa Kitaliano. Lakini nguvu ilikuwa Paris. Mwaka 1539 mfalme Fransisi wa Kwanza alitoa amri kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa. Iliyosukumwa nje ilikuwa Kilatini, ila iliyoumia baadaye ni lugha ya oc. Ilipofika zama za shule za serikali, mtoto wa kusini aliyeteleza akasema oc darasani alipewa kitu cha aibu akibebe, akikabidhi kwa mwenzake atakayeteleza naye, na atakayekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Naona wazee wangu wanatabasamu. Ndiyo, kibao kile kile. Tulikivaa shingoni kwa kusema lugha za mama zetu, tukidhani ni kwa sababu sisi ni Waafrika. Kumbe Mfaransa alikuwa amekwisha kumvika mwanawe. Jina limebaki kwenye ramani hata hivyo: Languedoc, "lugha ya oc". Sehemu nzima ya nchi ilipewa jina kwa namna watu wake walivyosema ndiyo.

Na sì? Dante aliitaja tena katika utenzi wake mkubwa, pale anapoiita Italia nchi nzuri ambako sì husikika. Wataliano wameupenda mstari huo, mpaka leo wanaiita nchi yao Bel Paese, nchi nzuri. Mmekula hata jibini la jina hilo bafeni. Wasichowaambia wageni wao ni kwamba mstari ule umo ndani ya laana. Dante alikuwa anaulaani mji wa Pisa, uliomfungia mtu mnarani pamoja na watoto wake mpaka wakafa kwa njaa. "Pisa, aibu ya watu wa nchi nzuri": ndivyo ilivyoanza sifa ile.

Lakini hadithi haiishii kwamba kila mtu kachagua kijineno chake. Kuna Mfaransa, ambaye ana oui yake na bado akaiweka si pembeni, kwa kazi moja maalumu. Na kazi hiyo ndiyo iliyonitia mimi aibu, kwa hiyo niwape kisa kingine.

Nilikuwa kijana, nabeba mizigo kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja. Mwezi wa nane, upepo wa kusi unavuma, bahari imechafuka. Mashua ya kioo isingetoka kesho yake, na nahodha alikuwa ameshatuambia. Jioni akanijia bwana mmoja wa Kitaliano, mpole, ameshasikia fununu. Akaniuliza: Domani la barca non parte? Yaani, kesho mashua haiondoki? Na mimi, Mswahili wa watu, nikafikiri kwa Kiswahili. Haiondoki? Ndiyo, haiondoki. Nikajibu kwa heshima zote: Sì, signore.

Asubuhi saa mbili nikawakuta ufukweni. Baba, mama, na mtoto wa kama miaka sita aliyevaa pezi moja mguuni, la pili kalikumbatia. Miwani ya kuzamia wameshaivaa kwenye paji la uso. Mchanga unawapiga miguuni, wanatazama bahari. Walikaa mpaka karibu saa nne. Mimi nikapita mara mbili na mizigo, nikajisemea moyoni, hawa watu wanapenda upepo.

Kosa liko wapi? Mimi nilikubaliana na maneno yake. Kasema "haiondoki", nami nikamwambia ndivyo. Wengi wetu tunajibu hivyo. Mama akiuliza "Hukwenda dukani?" na kweli hukwenda, unasema "Ndiyo, sikwenda." Mtaliano hafanyi hivyo. Yeye hatazami maneno ya swali, anatazama mashua. Kama haiondoki, jibu ni no. Kama inaondoka, jibu ni sì, na inakuwa sì ya kupinga: wewe umedhani haiondoki, mimi nakwambia inaondoka. Bwana yule alisikia kwamba nimemfuta wasiwasi.

Sasa Mfaransa aliiona hatari hii ya kugongana, akatenga maneno mawili. Ukimwuliza "Unakuja?" anasema oui. Ukimwuliza "Huji?" naye anakuja, hasemi oui hata kwa dawa, anasema si. Si ile ile ya sic, imepewa kibarua cha kukanusha kukanusha. Mjerumani kwa kazi hiyo ana doch, na Mswidi ana jo kando ya ja yake. Mkipata mgeni Mjerumani mkamwambia "Hujalipa, bwana", naye akanguruma doch!, basi amelipa, mrudishieni chenji yake.

Mwingereza, ambaye leo ana yes moja kwa kila kitu, zamani alikuwa tajiri kuliko wote hao. Alikuwa na maneno manne. Swali la kawaida lilijibiwa kwa yea au nay. Swali lenye kanusho ndani yake lilijibiwa kwa yes au no. Wataalamu wengi huona kwamba yes yenyewe ni maneno mawili yaliyogandana: ile yea ya kale, na neno lenye maana ya "na iwe", ambalo lilitamkwa karibu sana na si. Huyo naye, kumbe.

Watu waligombana kwa ajili ya manne hayo. William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza, lililochapwa mwaka 1526, alifika pale Yohana Mbatizaji anapoulizwa kama yeye ndiye nabii, akamjibisha no. Mwaka 1532 Thomas More, mwanasheria na mtu mkubwa serikalini, akamshukia kwa kalamu: swali lile halina kanusho, jibu lilipaswa kuwa nay, mtu asiyejua tofauti ya no na nay atatafsirije neno la Mungu? Kisha katika kueleza kanuni, More mwenyewe akateleza, akaipindua. Nampenda kwa kosa lile. More alikatwa kichwa mwaka 1535. Tyndale alinyongwa na mwili wake kuchomwa moto mwaka 1536. Si kwa sababu ya nay, bila shaka, mambo ya dini na wafalme yalikuwa mazito kuliko hayo. Lakini vizazi vichache baadaye hakuna Mwingereza aliyeikumbuka tofauti waliyoigombania. Yea ikabaki kanisani.

Kaskazini zaidi sitakaa sana, kuna baridi. Mwairishi na Mwelshi wako kama Mrumi na bibi yangu, hurudisha kitenzi. "Unaelewa?" Mwairishi atakuambia Tuigim, "Naelewa." Kaskazini mwa Uswidi kuna watu ambao ndiyo yao ni pumzi tu: wanavuta hewa ndani kwa midomo iliyobana, shhp, na jambo limekubaliwa. Ukimwona mgeni kashtuka ghafla hivyo ulipomtajia bei, usiteremshe haraka. Huenda amekubali.

Wapolandi, ambao siku hizi tunawaona pwani yote mpaka Zanzibar, husema tak. Na tak maana yake asili ni nini? "Hivyo." Waukreni vile vile. Hawakuchukua kwa Kilatini, walifika pale pale kwa miguu yao wenyewe. Ila wakiwa wamestarehe, na chupa ziko mezani, Wapolandi hukubali kwa no. Ndiyo, no, kama ee yetu ya baraza. Jirani yao wa Cheki naye ana ano, ambayo mtaani hukatwa ikabaki no. Mgiriki akisema ne anakubali, wakati majirani zake wengi wa Kislavu wakisema ne wanakataa, na Mbulgaria anatikisa kichwa kushoto na kulia kwa furaha kubwa kukuambia kwamba chakula ni kitamu, lete kingine.

Na Mromania, ambaye ni mtoto halali wa Kilatini, ana kichekesho chake. Kwa kukubali alikopa da ya majirani zake Waslavu. Sic ya mababu hakuitupa, aliigeuza ikawa și, naye huitamka kama "shi" yetu. Maana yake? "Na." Mkate și siagi. Neno ambalo kwa Mtaliano linamaliza mazungumzo, kwa Mromania linaongezea kitu sahanini.

Wanakwaya mliopo hapa mtaniuliza: na ile si ya muziki? Maana Mtaliano na Mfaransa wakipanda ngazi ya sauti husema do, re, mi, fa, sol, la, si, na nyinyi kanisani mnaimba ti. Ile si haina uhusiano na sic. Majina ya noti yalitolewa kwenye wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mtakatifu, na noti ya saba ilikuja kupewa herufi mbili za mwanzo wa jina lake, Sancte Iohannes. Mwalimu mmoja Mwingereza wa karne ya 19, Sarah Glover, ndiye aliyeigeuza ikawa ti ili kila noti ianze na herufi yake na isigongane na so. Wamisionari wakaja na mtindo huo, nanyi mkaurithi. Yohana yule yule, mnaona? Mara anajibishwa no, mara jina lake linakuwa noti. Hilo ni la njiani tu.

Sasa niirudie si yetu, maana nimeisema vibaya kidogo pale mwanzo. Nilisema inafunga mlango. Si kila mara. Sikilizeni watu barazani: "Si ulisema utakuja?" "Si nilikwambia!" "Si huyu hapa?" Hapo si haikanushi kitu. Inakuvuta sikio ukubali. Anayesema "Si huyu hapa?" anataka uitikie, "Ndiye." Yaani hata si yetu ina upande mmoja unaotazama kwenye sì ya Mtaliano. Hazina ukoo, mmoja katoka Roma, mwingine katoka kwetu, lakini wamekutana Malindi wakiwa wamevaa kanzu ya rangi moja. Ningekuwa nimelijua hilo asubuhi ile ya kolekole, ningemwambia yule mzee: "Si amesema si wa leo?" Na Mungu anajua angenunua samaki wangapi.

Nikawatazama, nikakunja karatasi zangu. Nikauliza kama ilivyo ada: "Hakuna maswali?"

Ukumbi mzima ukaitikia kwa sauti moja: "Ndiyo!"

Nikavaa miwani yangu, nikachukua kofia. Kuinua macho, mikono mitatu ilikuwa juu.